Dawa za Akili na Maungo ya Mgonjwa: Mwuguzi wa Upare Ajue Yote Mawili

Katika wilaya ya Same, kutoka tambarare ya Mkomazi iliyo kavu na yenye joto hadi kilele cha Shengena kinachopita mita 2,400 juu ya bahari, wako wananchi wapatao 300,000 kwa hesabu ya mwaka 2022. Wengi wao wanapougua hawamwendei daktari bingwa, bali humwendea mwuguzi, kwa kuwa ndiye aliyepo. Mtu wa Chome, wa Vudee, wa Mbaga au wa Mamba anayeshikwa na ugonjwa wa akili usiku, aghalabu hupokewa kwanza na mwuguzi wa zahanati ambaye mchana wa siku hiyo alizalisha, akachanja watoto, akafunga vidonda na kujaza vitabu vya taarifa. Anayemtaka bingwa itampasa aende Moshi, mwendo wa kilometa zipatazo 100 kwa njia ya lami, na hizo huhesabiwa baada ya kwisha kuushuka mlima.

Ndiyo maana leo twataka kulisema jambo ambalo limedharauliwa sana, nalo ni ujuzi wa mwuguzi juu ya dawa za akili, pamoja na ujuzi wake wa kupima misuli, mifupa na viungo. Watu wengi, hata baadhi ya waganga, huyahesabu haya kuwa masomo mawili yasiyojuana. La kwanza wanalipeleka Mirembe, la pili wanalipeleka kwa mtaalamu wa mifupa. Lakini mgonjwa ni mtu mmoja. Dawa inayotuliza kichwa chake ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuikaza shingo yake, na mwuguzi asiyejua kuitazama shingo hataweza kuitumia dawa kwa usalama.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka ishirini analetwa zahanati na baba yake mdogo pamoja na majirani wanne, amefungwa kamba. Anasema peke yake, hali, halali, na kwa siku tano hakumtambua mama yake. Anapigwa sindano ya haloperidoli, anatulia, anarudishwa nyumbani na bahasha ya vidonge. Siku ya pili jioni shingo yake inaanza kupinda upande mmoja kana kwamba mtu anaivuta kwa nguvu, macho yanapanda juu na kukwama huko huko, taya linakaza, ulimi unakuwa mzito. Naye wakati huo ana fahamu zake, anajua yote yanayompata, na hofu yake ni kubwa kuliko hofu ya wanaomtazama. Nyumbani watasema nini? Mmoja atasema ni mapepo yaliyoikataa sindano. Wa pili atasema ni pepopunda. Wa tatu, ambaye labda ndiye mwenye sauti nyumbani, atasema hospitali imemwongezea ugonjwa, na vidonge vitatupwa chooni.

Huyo wa tatu hakukosea sana. Hakika ni dawa. Kitu asichokijua, na ambacho hapana aliyemwambia siku ile alipokuwa akitoka zahanati, ni kwamba hali hiyo yajulikana, ina jina katika vitabu vya uuguzi, ina dawa yake, na mara nyingi huondoka katika muda usiozidi nusu saa mgonjwa akipigwa sindano inayofaa. Huwapata zaidi vijana, hasa wanaume, na karibu wote huwapata katika siku tano za mwanzo. Mwuguzi aliyefundishwa angewaambia wazee wale waziwazi: "Wazee wangu, mkimwona anapinda shingo au macho yanakwama, msiogope wala msimpeleke kwingine, mrudisheni hapa upesi, hata usiku." Maneno hayo machache yangemwokoa kijana, tena yangeokoa imani ya kijiji kizima juu ya zahanati yake.

Sababu yake si siri. Dawa hizi hufanya kazi kwa kuzuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Katika sehemu moja ya ubongo, kemikali hiyo inapovuruga mpango wake, huchangia mtu kusikia sauti zisizokuwapo na kushika dhana za uongo. Katika sehemu nyingine ndiyo inayosawazisha mwendo wa misuli. Dawa haichagui, huizuia huku na huko. Ndiyo maana hata dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, ambayo haina uhusiano na wazimu wowote, yaweza kumpinda shingo mtoto au msichana kwa namna ile ile. Mwuguzi aliyeelewa jambo hili mara moja hatalisahau, na atakapomwona mtoto aliyepinda shingo swali lake la kwanza litakuwa, "Alipewa dawa gani jana na juzi?"

Hapa ndipo ujuzi wa kupima maungo unapoingia. Pepopunda nayo hufunga taya. Homa ya uti wa mgongo nayo hukaza shingo. Malaria kali huleta degedege. Mwuguzi hana mashine ya kupiga picha ya ubongo, lakini ana macho, ana mikono, na ana mpango wa zamani wa kazi yake, yaani kutazama, kushika, na kusogeza. Mwenye uti wa mgongo ana homa, na shingo yake hukataa kuinamishwa kidevu kifike kifuani. Aliyepatwa na dawa aghalabu hana homa, na shingo yake imevutwa upande au nyuma. Mwenye pepopunda huruka kwa mshtuko wa misuli akiguswa au mlango ukipigwa kwa kishindo, na mara nyingi kuna kidonda mahali fulani. Aliyepatwa na dawa ana bahasha ya vidonge mfukoni. Ni tofauti ndogo za kutazamwa kwa utulivu, na maisha ya mtu yamo ndani yake.

Lakini shingo iliyopinda angalau hupiga kelele. Yako madhara mengine yajayo polepole, wala hapana anayeyaitia mwuguzi. Baada ya majuma machache mgonjwa huanza kwenda kama mzee. Hatua zake ni fupi, mikono yake haining'inii na kupunga kama ya watu wengine, uso wake umekuwa kama wa kinyago, mate yanamtiririka, mkono unatetemeka ukiwa umetulia magotini. Majirani humwita zezeta. Akiwa ni mfanyakazi wa shamba la mkonge au wa machimbo ya jasi ya Makanya, nyapara humwandika mvivu. Mwuguzi akiushika mkono wake na kuukunja na kuukunjua taratibu kwenye kiwiko, ataona kwamba mkono hauendi kwa ulaini, bali unakwama na kuachia, unakwama na kuachia, mfano wa gurudumu lenye meno. Huo si uvivu. Ni dawa iliyozidi kipimo cha mwili wake, na dawa ya jambo hilo aghalabu ni kupunguza kipimo kwa ushauri wa mganga, si kumfukuza mtu kazini.

Lipo na jingine ambalo, kwa maoni yetu, ndilo la hatari kuliko yote kwa sababu humdanganya hata mganga. Mgonjwa hawezi kukaa kitako. Anasimama, anaketi, anazunguka chumba, anapiga miguu chini, anasema maungo yanamsumbua kwa ndani na hajui afanye nini. Mtazamaji mwenye haraka husema, "Wazimu umepanda," na dawa huongezwa. Kumbe ni dawa yenyewe iliyoleta hali hiyo, na kila inapoongezwa mateso huongezeka, hata baadhi ya wagonjwa wakafikiri kujiua. Njia ya kutofautisha ni kuuliza. "Ndugu yangu, huku kutotulia kuko katika mawazo au kuko katika miguu?" Mgonjwa ataonyesha miguu. Swali hilo likiulizwa kwa Chasu, na mtu anayeaminika, litajibiwa vizuri zaidi, maana mgonjwa aliyechoka hatafuti maneno ya kitabu.

Tena yako madhara yanayokuja baada ya miezi mingi au miaka. Kinywa hutafuna pasipo kitu ndani yake, midomo hujinyonya, ulimi hutoka na kurudi. Katika milima ya Upare jambo hili lina hatari yake ya pekee, kwa kuwa sehemu za wilaya ya Same, hasa upande wa Tae, zimejulikana kwa mirungi, na mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliendesha operesheni kubwa ya kuyateketeza mashamba hayo. Mtu akionekana anatafuna, hukumu imekwisha andikwa. Basi mwuguzi afungue kinywa cha mgonjwa kabla ya kufungua chake mwenyewe. Kinywa kikiwa kitupu, neno ni lingine kabisa. Na kikiwa na mirungi, hilo nalo yampasa alijue, kwa maana mirungi huichochea ile ile dopamini ambayo dawa inajaribu kuizuia, na mgonjwa anayemeza kidonge asubuhi na kutafuna mirungi alasiri ni kama mkulima anayeziba mfereji wa ndiva huku mwenzake akiuzibua.

Mwisho kabisa katika madhara haya, nalo ni nadra lakini huua, ni mgonjwa kukakamaa mwili mzima kama gogo, kushikwa na homa kali, kutoka jasho na kupotewa na fahamu. Katika nchi yenye malaria kila homa huitwa malaria. Mwuguzi atakayeikunja mikono ya mgonjwa huyo, akaona imekaza kama mti, na akakumbuka kwamba yuko kwenye dawa za akili, ataisimamisha dawa na kutafuta gari la kwenda hospitali saa ile ile, bila kungoja kukuche.

Yafaa tukumbuke kwamba ujuzi huu wote ni mpya kuliko umri wa wazee wetu. Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, wakati wa utawala wa Waingereza. Na jirani zaidi na Upare, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, Wajerumani wa misheni walianzisha kituo cha Lutindi mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, nacho mwanzoni mwa karne ya 20 kikageuka kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, hata leo. Katika miaka hiyo dawa ya kuitwa dawa haikuwapo; kulikuwa na kuta, kazi za shamba, na dawa za kulaza usingizi. Kloropromazini ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1950, na mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wakaanza kuwapa wagonjwa katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris. Haloperidoli ikafuata Ubelgiji mwaka 1958. Dawa hizo ndizo zilizofungua milango ya hospitali za wazimu duniani, na ndizo zilizoiwezesha nchi kama yetu kufikiri kwamba mgonjwa aweza kutibiwa kijijini kwake.

Na hilo halikufikiriwa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Serikali yetu, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, iliuchagua mkoa wa Kilimanjaro, pamoja na Morogoro, kuwa mahali pa kujaribia mpango wa taifa wa afya ya akili, yaani kuitia huduma hiyo katika zahanati na vituo vya afya badala ya kuifungia katika hospitali moja ya mbali. Kwa hiyo zahanati za Upare hazidai upendeleo wowote zikidai mwuguzi aliyefundishwa vizuri na dawa zisizokatika. Zinadai kuendelezwa kwa jambo lililoanzishwa katika mkoa wao wenyewe. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo ilikuja kuchukua nafasi ya ile ya kikoloni, ambayo ilijali zaidi kumweka mgonjwa mahali kuliko kumtibu.

Sasa turudi kwa mwuguzi. Upimaji tunaousema hauhitaji fedha za kigeni. Upo utaratibu uliotengenezwa Marekani mwaka 1976 wa kupima mienendo ya mwili isiyo ya hiari, unaotumika duniani kote, nao wahitaji kiti kigumu kisicho na mikono na dakika kumi tu. Mgonjwa huulizwa kama ana kitu kinywani. Huketi mikono ikiwa magotini. Hufungua kinywa na kutoa ulimi. Hugonganisha kidole gumba na vidole vingine kimoja kimoja. Huinyosha mikono mbele. Husimama, akatazamwa mbele na ubavuni. Kisha huenda hatua chache na kurudi. Kila mahali mwuguzi huandika namba. Namba ya leo hulinganishwa na ya miezi mitatu ijayo. Zahanati isiyo na umeme yaweza kuifanya kazi hii, ilimradi pawe na daftari, na daftari lisipotee kila mwuguzi anapohamishwa.

Lakini mwuguzi asiishie kwenye madhara ya mienendo tu. Mgonjwa wa akili ana mifupa kama watu wengine, nayo huumia zaidi. Vidonge vya kifafa kama fenobabitali na kabamazepini vikitumiwa miaka mingi hupunguza nguvu za mifupa, na mwenye kifafa huanguka. Kloropromazini na amitriptilini hushusha nguvu ya damu mtu anaposimama ghafula. Diazepamu hulegeza misuli. Katika nchi tambarare kuanguka ni jambo moja, na katika njia ya mtelemko wa Suji au Gonja, mama akiwa na mzigo wa kuni au wa tangawizi kichwani, ni jambo la pili. Mwuguzi amwambie mgonjwa aketi kidogo kitandani kabla ya kusimama, na bibi kizee akianguka na asiweze kuukanyagia mguu, autazame kama umefupika na kugeukia nje, maana huenda nyonga imevunjika.

Hali kadhalika sindano zenyewe. Flufenazini, ile sindano ya kila mwezi au karibu na hapo, imewafaa sana watu wa mbali wasioweza kushuka kila juma. Lakini ikipigwa mahali pasipo pake kwenye tako, karibu na mshipa mkubwa wa fahamu, huweza kumwacha mtu na mguu uliolegea kifundoni. Mahali pa sindano ni robo ya juu ya upande wa nje. Kila mwuguzi alifundishwa hilo, na kila mwuguzi aliye peke yake na foleni ya watu arobaini anajaribiwa kulisahau. Tena dawa hii ikishaingia mwilini haitolewi. Ikimkaza mgonjwa, itamkaza kwa majuma. Kwa sababu hiyo apimwe maungo kabla ya sindano kila mara, si baada ya malalamiko.

Kisha wako wale waliofungwa nyumbani kwa minyororo na kamba. Hatusemi hivi kuwatukana ndugu zao. Mara nyingi walifunga kwa sababu walikata tamaa. Lakini mtu aliyekaa miezi amekunjwa magoti hawezi kunyoshwa kwa dawa ya akili. Misuli imekonda, viungo vimeganda, vifundo vina vidonda. Huyu anahitaji mwuguzi wa kupima kila kiungo kinafika wapi, na wa kuwafundisha jamaa kumnyosha polepole kila siku. Moshi pale pale, katika hospitali ya KCMC, wanafundishwa wataalamu wa mazoezi ya viungo, na tangu mwaka 1981 pana chuo cha mafundi wa viungo bandia kinachopokea wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika. Ni ajabu kwamba ujuzi wote huo uko chini ya Kilimanjaro, na Upare ni jirani yake wa karibu, ila mgonjwa wa akili hupelekwa huko mara chache sana, kwa kuwa akisema goti linauma watu hudhani ni maneno ya wazimu.

Neno juu ya benzeksoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Artane. Ndiyo dawa inayolegeza ukakamavu ulioletwa na dawa nyingine. Ikikosekana zahanati, mgonjwa huacha dawa zake zote, na baada ya miezi anarudi amefungwa kamba kama mwanzo. Lakini haifai kupewa kila mtu kama chumvi ya chakula. Hukausha kinywa, huzuia mkojo, huvuruga kumbukumbu za wazee, na hupunguza jasho, jambo lisilo dogo kwa mtu anayelima mpunga juani Ndungu. Tena wako wanaoitafuta kwa ulevi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wasema isitolewe kwa kinga ya kila mtu, bali kwa muda mfupi kwa yule ambaye madhara yake ni makali na kupunguza kipimo hakukufaa. Nani atajua ni yupi? Ni yule aliyeukunja mkono wa mgonjwa na kuandika alichokiona.

Wanachama na wafanyakazi wana sehemu yao katika kazi hii, nayo si kupiga makofi. Balozi wa shina ndiye anayejua ni nyumba gani ina mtu aliyefungwa, na ni nani ameacha kwenda zahanati tangu mvua za mwaka jana. Kamati ya zahanati ina haki ya kuuliza katika kikao chake ni siku ngapi za robo iliyopita haloperidoli, benzeksoli na fenobabitali hazikuwapo rafuni, na maombi yalipelekwa lini. Halmashauri inapopanga semina za wauguzi ipange na hii: siku mbili, mkufunzi mmoja kutoka kitengo cha akili na mmoja wa viungo, viti kumi, na wagonjwa wanaokubali kupimwa. Chama cha wafanyakazi, mwanachama wake anaporudi kazini akiwa mzito wa mwendo, kimtake mwajiri amngojee apimwe kabla ya kuandika barua. Na mwuguzi aliyeko Chome, ambaye akitaka ushauri usiku hana wa kumwuliza, apewe namba ya simu ya mtu wa Same au Moshi ambaye kazi yake, kwa zamu inayojulikana, ni kuipokea.